Kigoda cha Fundi, na Namna ya Kukiunga bila Msumari

Wasomaji wetu wengi wanapo mahali nyumbani pa kufanyia kazi ya useremala. Pengine ni barazani, pengine ni kibanda nyuma ya nyumba, pengine ni chini ya mwembe tu. Hapo pana meza ya kazi, msumeno, randa, na patasi mbili tatu. Lakini mara nyingi hapana kiti cha fundi mwenyewe. Akitaka kunoa meno ya msumeno, au kuchonga kitu kidogo, au kusugua kazi yake kwa msasa, huketi juu ya gogo, au juu ya debe lililopinduliwa, au huchuchumaa chini. Gogo hubingirika, debe hubonyea, na mwenye kuchuchumaa hakawii kuumwa na mgongo. Tena iko hatari kuliko uchovu: mtu mwenye patasi kali mkononi, kikao chake kikiyumba, patasi huenda isikotumwa, na mara nyingi inakokwenda ni katika mkono wake wa kushoto.

Basi leo twapenda kuwaeleza walimu wa kazi za mikono, na kila mtu mwenye zana chache nyumbani, namna ya kutengeneza kigoda cha miguu mitatu cha kukalia kazini. Neno kubwa tutakalosema ni moja tu: nguvu ya kigoda haitoki katika misumari, wala katika unene wa mti, bali hutoka katika maungo yaliyofanywa kwa kufuata nyuzi za mti. Mwenye kulishika neno hili ataweza kuunga kigoda, na baada ya kigoda kiti, na baada ya kiti meza. Asiyelishika atakuwa akipigilia misumari ile ile kila kiangazi.

KWA NINI MSUMARI HAUTOSHI

Mti si kama udongo wa mfinyanzi, ambao ni mmoja pande zote. Mti ni fungu la nyuzi ndefu, nyembamba, zilizolala pamoja kufuata urefu wa shina. Msumari ukipigwa ubavuni mwa mti, hukingama nyuzi, nazo huubana kwa nguvu. Lakini ukipigwa kichwani, yaani kwenye ncha za nyuzi, hupita sambamba nazo, wala hazina namna ya kuubana sana.

Sasa na tukitazame kigoda cha misumari, namna viuzwavyo vingi sokoni. Ubao wa kukalia umewekwa juu ya vichwa vya miguu, na msumari umepigwa kutoka juu. Je, msumari ule umeingia wapi? Umeingia kwenye ncha za nyuzi za mguu, mahali pale pale ambapo mti hauushiki vema.

Iko sababu ya pili. Mti uliokatwa huendelea kunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Unywapo hupanuka, na utoapo hunywea. Lakini hupanuka na kunywea katika upana wake tu. Katika urefu wa nyuzi haubadiliki ila kidogo sana. Chuma hakiufuati mti katika mwendo huo. Mti husogea, msumari haujongei, na mwaka kwa mwaka tundu la msumari hulegea. Kisha siku moja mgeni mzee huketi, mguu huchopoka, naye huanguka mbele ya watu. Aliyetengeneza kigoda kile hayupo hapo kuona aibu, lakini mwenye nyumba yupo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Asiyesadiki na akitazame kitanda cha kamba cha pwani. Tendegu limetobolewa, na ndimi za mfumbati na kitakizo zimeingizwa ndani ya matundu yake. Kisha kamba ikivutwa hukaza viungo vyote pamoja. Kadhalika vyombo vya bahari vya Lamu vilivyoitwa mitepe vilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za nazi, navyo vilichukua mizigo baharini pasipo misumari ya chuma. Na Wakamba huchonga vigoda vyao vya miguu mitatu katika gogo moja, hata hapana kiungo cha kulegea. Namna hiyo ya Wakamba ni nzuri kwa kigoda kifupi. Lakini kwa kigoda kirefu cha kazi ingetaka gogo kubwa mno, na sehemu kubwa ya mti ingekwisha kuwa vibanzi. Kwa hiyo sisi tutafuata njia ya kitanda: ulimi na tundu.

KUCHAGUA MTI NA KUUKAUSHA

Mninga ni mti mwema kuliko yote kwa kazi hii, maana ukiisha kukauka haunywei wala haupindiki sana. Mvule nao ni mwema, na mchwa hawaupendi. Lakini miti hii haikatwi ovyo. Katika Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kukata miti iliyohifadhiwa pasipo kibali cha watu wa misitu, na wakubwa wa vijiji wafanya vema wakiwakumbusha watu. Yafaa mtu atumie vipande vilivyobaki katika kazi nyingine, maana kigoda hakitaki mti mwingi. Mwenye mashamba ya kahawa au chai atapata mgrevilea, mti uliotoka Australia ukapandwa kwa kivuli. Mfenesi wafaa pia. Mwembe hutumika, lakini hupatwa upesi na bungua, kwa hiyo usiachwe chini na magome yake baada ya kukatwa. Upasuliwe na kuanikwa mara moja.

Mbao mbichi ndizo adui wa kwanza wa seremala. Zipange kivulini, penye upepo, zisiguse ardhi, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya kimo kimoja ili hewa ipite. Usizianike juani, maana zitakauka nje upesi kuliko ndani, nazo zitapasuka. Ncha zake zipakwe rangi au nta, kwa kuwa maji hutoka upesi sana nchani, na ufa huanzia huko. Desturi ya mafundi wengi ni kungoja kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Lakini kuna njia iliyo hakika kuliko kuhesabu miezi: twaa kipande kimoja, kipime kwa mizani ya duka, uandike uzito wake, nawe ukipime tena kila juma. Uzito ukiacha kupungua, mbao zako zimekauka kadiri hewa ya mahali pako iwezavyo kuzikausha.

VIPIMO

Kwanza ipime meza yako ya kazi. Kikalio cha kigoda kiwe chini ya uso wa meza kwa inchi 11 hivi, ili viwiko vikae vizuri wala mabega yasiinuliwe. Sisi tutachukua meza ya kimo cha inchi 32, na kigoda cha inchi 21. Vinatakiwa vitu hivi:

Kikalio: ubao 1, inchi 13 kwa inchi 13, unene inchi 1¾ baada ya kupigwa randa.

Miguu: vipande 3, kila kimoja urefu inchi 24, unene inchi 1¾ pande zote.

Kabari: vipande 3 vya mti mgumu, urefu inchi 1½, upana inchi 1, unene robo inchi kichwani na kwisha kabisa nchani.

Zana ni msumeno, randa, patasi, kisu, nyundo ya mti, keekee ya inchi 1, bikari au uzi na msumari, na kipimo cha pembe mraba. Mwenye keekee ya umeme na aitumie. Yatakayosemwa hapa hayabadiliki kwa ajili yake.

KWA NINI MIGUU MITATU, NA KWA NINI ITANUKE

Kigoda cha miguu minne kikiwekwa juu ya sakafu ya udongo, mara nyingi mguu mmoja huning'inia, nacho huyumba. Cha miguu mitatu hakiyumbi kamwe, iwe sakafu ni sawa au si sawa, maana nukta tatu daima hupata kukaa pamoja juu ya uso mmoja. Ndiyo sababu mafiga ni matatu, na chungu hutulia juu yake hata pakiwa na mawe mawe.

Lakini miguu mitatu ina upungufu wake, nao haufai kufichwa. Tukivuta mistari chini kutoka mguu hata mguu, twapata pembetatu. Uzito wa mtu ukiwa ndani ya pembetatu ile, kigoda kimesimama. Ukitoka nje yake, kigoda chapinduka. Nayo mistari ya pembetatu ile i karibu na katikati kuliko miguu yenyewe: umbali wake kutoka katikati ni nusu tu ya umbali wa mguu. Kwa hiyo miguu haina budi kutanuka. Sisi tutaitanua inchi 1 kwa kila inchi 3 za kimo. Matundu yakiwa inchi 4 kutoka katikati ya kikalio, nyayo za miguu zitakuwa kama inchi 10½ kutoka katikati, na mistari ya pembetatu kama inchi 5¼, yaani karibu sawa na ukingo wa kikalio chenye nusu-upana wa inchi 6. Hivyo mtu aweza kuinama upande wowote pasipo kuanguka. Lakini kigoda hiki ni cha kukalia, wala si cha kupandia. Mwenye kutaka kufikia paa na atumie ngazi.

KUPIGA MISTARI NA KUTOBOA

Geuza ubao wa kikalio, uso wa chini uwe juu. Tafuta katikati yake, upige duara ya inchi 6 kutoka katikati, ambayo ndiyo ukingo wa kikalio, na ndani yake duara ya inchi 4, ambayo ni ya miguu. Sasa ziangalie nyuzi za ubao zinalala upande gani, ukapige mstari unaopita katikati sambamba na nyuzi hizo. Pale mstari huu unapoikata duara ndogo, upande mmoja, ndipo mahali pa mguu wa kwanza. Kisha usiibane wala kuitanua bikari. Iache katika inchi 4 zile zile, utembee nayo juu ya duara ndogo kutoka alama ya kwanza. Itapiga hatua 6 kamili na kurudi ilikoanza. Alama ya 3 na ya 5 ndizo mahali pa mguu wa pili na wa tatu. Walimu wataona ya kuwa hili ni somo la hesabu lililo bora kwa watoto kuliko kuchora juu ya karatasi, maana wataketi juu ya jawabu lake.

Msomaji atauliza, kwa nini mguu wa kwanza uwekwe juu ya mstari wa nyuzi? Ni kwa sababu hii. Ukiuweka hivyo, kila tundu la matatu hukata nyuzi zake peke yake. Lakini ukiuweka juu ya mstari unaokingama nyuzi, matundu mawili yaliyobaki yatakuwa juu ya nyuzi zile zile, nazo nyuzi zitadhoofishwa mara mbili. Ubao wa namna hiyo ukipata uzito, hupasuka kutoka tundu hata tundu.

Sasa tengeneza kibao cha mshazari. Twaa ubao mwembamba, piga pembe mraba, pima inchi 2 katika upande wa chini na inchi 6 katika upande wa wima, unganisha alama hizo mbili kwa mstari, ukate. Kila mguu, piga mstari kutoka katikati ya kikalio kupita juu ya alama ya mguu. Simamisha kibao kando ya mstari huo, ncha yake nyembamba ielekee katikati, na upande wake wa wima uelekee nje. Upande wa mshazari ndio njia ya keekee: mkono wa keekee hulala nje, na ncha yake huingia ikielekea ndani.

Toboa kabla ya kukata duara, maana ubao wa mraba hushikika vizuri katika jiriwa au chini ya mguu. Ncha ya keekee ikianza tu kutokeza upande wa pili, simama. Pindua ubao, umalize kutoka upande ule. Ukiendelea kwa haraka, keekee itatoka na vibanzi vikubwa, na uso wa kikalio utaharibika. Haraka haraka haina baraka, na kwa seremala msemo huu si wa mdomoni tu. Yakiisha matundu matatu, kata duara ya nje kwa msumeno mwembamba au kwa kupunguza pembe kidogo kidogo, usafishe ukingo kwa patasi na tupa. Mwenye kupenda aweza kukichimba kikalio kidogo katikati kwa tezo au patasi, kina cha robo inchi, ili kikae vema.

MIGUU

Kama waweza, pata miguu kwa kupasua gogo kwa shoka na kabari, wala si kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi ziendako, na mguu uliopasuliwa una nyuzi nzima tangu juu hata chini. Msumeno hupita njia yake yenyewe. Nyuzi zikiwa zimepinda, msumeno huzikata, na mguu huja kuvunjika kwa mshazari pale zilipokatwa. Asiyekuwa na budi kutumia mbao za msumeno na achague vipande ambavyo nyuzi zake zinakwenda sawa na ukingo.

Piga randa mguu uwe mraba wa inchi 1¾, kisha ondoa pembe nne uwe wa pande 8. Upunguze kidogo kuelekea chini, ila usiwe chini ya inchi 1¼. Kichwani pima inchi 2¼ za ulimi. Chora duara ya inchi 1 juu ya ncha, ukachonge ulimi uwe mviringo kwa patasi na kisu. Usiuchonge kwa kukisia. Toboa tundu moja kwa keekee ile ile katika kipande cha mti kibovu, ujaribu ulimi humo mara kwa mara. Uingie kwa kupigwa na nyundo ya mti, usiingie kwa mkono, wala usiingie kwa kulazimishwa hata tundu lipasuke.

Ziko hila mbili hapa za mafundi wa zamani, zenye faida kubwa. Ya kwanza: kabla ya kuunga, fukia ndimi peke yake katika mchanga wenye moto kiasi kwa siku moja, zikauke kupita kikalio. Baada ya kuungwa zitanywa unyevu wa hewa, zitapanuka ndani ya matundu, na kujikaza zenyewe. Mchanga usiwe wa kuunguza mti. Ya pili: kwa kuwa mguu umelala, bega la ulimi litagusa kikalio upande mmoja kwanza. Ingiza kila mguu katika tundu lake pasipo gundi, uangalie bega liligusapo, ulichonge kwa mshazari mpaka likalie kikalio pande zote. Kisha andika namba ya mguu juu ya mguu na juu ya tundu lake, maana tangu hapo mguu wa tundu hili haufai tundu lile.

KUUNGA NA KUPIGA KABARI

Miguu ikiwa bado ndani ya matundu, weka juu ya kila ulimi alama ya mahali pa kabari. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, basi msomaji na asome polepole. Kabari lazima ilale ikikingama nyuzi za kikalio, wala isilale sambamba nazo. Kabari ikikingama, husukuma kuelekea urefu wa nyuzi, na mti kwa urefu wake una nguvu nyingi za kustahimili. Kabari ikilala sambamba na nyuzi, huzitenga mbali, na huwa ni sawa na mtu anayepasua kuni. Kikalio kitapasuka pale pale, au kitangoja kiangazi kipasuke.

Toa miguu, upasue kila ulimi kwa msumeno kufuata alama, kina cha inchi 1½. Paka gundi ndani ya tundu na juu ya ulimi. Zamani mafundi walitumia gundi ya kuchemshwa iliyotokana na ngozi. Siku hizi gundi nyeupe ya mbao ipatikanayo madukani yatosha. Pigilia mguu kutoka chini kwa nyundo ya mti. Usikilize sauti yake: kwanza hulia kama kitu kilicho wazi, kisha bega likikaa hulia kama kitu kizima, nawe hapo huna haja ya kuendelea. Ikiisha kukaa miguu yote mitatu, simamisha kigoda, paka kabari gundi kidogo, uzipigilie kutoka juu kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, mpaka ziwe zimekaza. Sasa ulimi umekuwa mpana juu kuliko chini, nao hauwezi kuchopoka pasipo kuvunja mti. Acha siku moja gundi ikauke, ndipo ukate vilivyotokeza na kusawazisha uso.

KUSAWAZISHA MIGUU

Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi, lakini chaweza kuinama upande. Kisimamishe juu ya ubao ulionyoka, uweke pima maji juu ya kikalio, na kama huna, sahani yenye maji kidogo. Tia vijikabari chini ya miguu mifupi mpaka kikalio kiwe sawa pande zote. Pima kimo, uone kilivyozidi inchi 21. Tafuta kipande cha mti chenye unene wa kadiri ile iliyozidi, ulaze kalamu juu yake, ukizungushe kando ya kila mguu ukiandika mstari. Kata kwa kufuata mstari huo. Nyayo zitakalia sakafu sawasawa, ingawa miguu imelala. Mwisho ondoa ukali wa kingo za nyayo, zisibanduke vibanzi kigoda kivutwapo.

MAFUTA

Sugua kwa msasa, upake mafuta ya kitani mara mbili au tatu, ukifuta yaliyozidi na kungoja yakauke kila mara. Au paka nta ya nyuki, ila juu ya kikalio paka kidogo, kisiteleze. Twaonya jambo moja kwa nguvu: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasitupwe pembeni yakiwa yamekunjwa. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikana yaweza kuwaka moto yenyewe, tena katika chumba kilichojaa takataka za randa. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe majini.

KUKIJARIBU

Kaa juu yake. Inama upande wa kila mguu, kisha upande wa kati ya mguu na mguu. Kishike kikalio kwa mikono miwili ukizungushe kama mtu akamuaye nguo. Kisilie wala kisijongee. Kisha kiweke mpaka kiangazi kipite na masika ipite, ukijaribu tena. Kigoda kilichoshinda majira mawili hayo kimeshinda mtihani wake.

Walimu watakaokifanya kigoda hiki na wanafunzi wao wawaulize maswali haya, wala wasiridhike na jawabu la kukariri:

1. Kwa nini msumari uliopigwa kichwani mwa mguu haushiki vema?

2. Ubao hunywea katika upana au katika urefu? Onyesha kwa ubao uliopo darasani.

3. Mguu wa kwanza ukiwekwa juu ya mstari unaokingama nyuzi, kuna hatari gani?

4. Kabari ilale namna gani, na kwa nini?

5. Kama miguu ingekwenda wima kabisa, mistari ya pembetatu ingekuwa inchi ngapi kutoka katikati? Je, ungeketi juu yake?

Twajua wako watakaosema ya kuwa kazi hii ni ndefu, na ya kuwa misumari 9 ingeimaliza kwa saa moja. Ni kweli, ingeimaliza. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu akitengeneza kigoda kimoja kwa njia hii atatumia siku zake mbili tatu mara moja tu, na mtoto wake atakikalia. Na majirani wakikiona hakitikisiki, watajua pa kwenda watakapotaka meza au mlango. Sifa ya fundi haipigiwi mbiu; hukaliwa kila siku na watu walio wazito kwa wepesi, nayo husimama au huanguka pamoja nao.